Injini mpya, kompyuta ya zamani: Kahama nani anapima moshi?



Hapa Kahama gari halifi. Injini ikikata, fundi anakwambia lete nyingine tufunge. Kesho kutwa unauona mchomoko uleule umejaza abiria, unakimbilia Kakola. Mimi sina ugomvi na hilo. Gari ni kazi ya mtu, na injini mpya ya dukani wangapi wanaimudu? Swali langu ni jingine: injini ikishabadilishwa, nani anajua kinachotoka kwenye eksozi? Na gari likianza kusumbua, nani ataweza kulipima?

Tuanzie gereji. Chukua Probox. Ipo yenye injini ya 2NZ, cc 1300, na ipo yenye 1NZ, cc 1500. Hizi ni ndugu, kwa hiyo mwenye 2NZ iliyokufa anashawishika kuweka 1NZ apate nguvu kidogo. Inakaa vizuri tu, boneti linafungwa, watu wanapeana mikono.

Ngoma inaanzia hapo. Injini hizi zinaongozwa na kompyuta, ile mafundi wanaita kontrol boksi. Boksi ndilo linaamua mafuta kiasi gani yaingie na plagi zipige wakati gani. Ukiliacha boksi la 2NZ liongoze 1NZ, hesabu zote ni za injini ya cc 1300. Halafu 1NZ za mwanzo hewa inafunguliwa kwa waya wa pedeli, za baadaye inafunguliwa na mota ya umeme. Ukichanganya hizo mbili, kuna sensa itakosa pa kuchomekwa na kuna waya utakatwa na kufungwa selotepu. Injini inawaka, sawa. Na taa ya cheki injini nayo inawaka! Dawa yake? Balbu inachomolewa. Eti tatizo limekwisha.

Miezi mitatu baadaye gari linakunywa mafuta kama trekta. Unalipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Anachomeka, anapata majibu, mnabadilisha sensa, hakuna kitu. Mnabadilisha nyingine, hakuna kitu. Kwa nini? Kwa sababu mashine haiongei na injini, inaongea na boksi. Na boksi linaielezea injini ambayo haipo tena kwenye gari. Hapo fundi anapiga ramli kwa hela yako.

Kuna jambo jingine vijana wengi hawaambiwi. Ile soketi ya matundu 16 chini ya usukani inafanana karibu magari yote, lakini lugha si moja. Marekani walilazimisha lugha ya pamoja, OBD-II, kuanzia magari ya 1996. Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli 2001. Wajapani walianza kulazimisha mfumo wao unaokaribiana na huo mwaka 2008. Sasa hesabu: IST, Spacio na Noah ngapi mtaani kwetu zilitengenezwa kwa soko la Japani kabla ya hapo? Ndiyo maana kile kidude cha blututhi cha bei poa kinagoma kusoma. Si lazima kiwe kibovu. Hakijui lugha.

Wazee wa dizeli mnacheka. Ni kweli, 1HZ ya Land Cruiser na 3L ya Hiace hazina haja ya kompyuta ya kupanga mafuta, na fundi wa porini anazitengeneza kwa spana. Ukanda wa migodini zinapendwa kwa sababu hiyo. Lakini usafi wa moshi wake unategemea nozeli na pampu. Mtu akiongeza mafuta kwenye pampu apate nguvu ya kupanda mlima, moshi mweusi unapanda nao. Na moshi huo si uchafu wa kufulia nguo tu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Mama lishe wa stendi anauvuta kutwa nzima.

Kwenye petroli kuna masega. Injini ikishushwa, mara nyingi masega nayo yanaondoka. Fundi anasema yanabana gari. Hasemi kwamba ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo! Jamani, mwaka 2017 nchi nzima ilisimama kwa ajili ya makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi, hapahapa kwetu. Leo madini yanang'olewa chini ya gari lako, unaambiwa ni takataka, na wewe unatoa hela ya ufundi.

Je, sheria hakuna? Ipo. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. TBS wanahusika na ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. TRA wana utaratibu wa kubadili taarifa za gari, injini ikiwemo. Na kisingizio cha mafuta mabaya kimepungua: petroli yenye risasi iliondolewa kufikia 2006, na mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Tatizo ni kwamba macho yetu yako kwenye kuingia kwa gari na kwenye namba. Askari akifungua boneti anaangalia namba ya injini kama inalingana na kadi. Ni sawa, wizi upo, na namba zisipolingana siku ya ajali au ya kuuza gari, utajieleza sana. Lakini namba haisemi boksi ni la nani wala masega yako wapi. Gari likishafika Kahama linaweza kukaa miaka bila eksozi yake kuonja kipimo.

Wenzetu je? Kule California, injini unayoweka lazima iwe ya mwaka wa gari lako au mpya zaidi, ije na vifaa vyake vyote vya kusafisha moshi, halafu gari likaguliwe na mkaguzi maalumu. Msiseme hao ni matajiri. Rwanda, ambako malori yanayopita hapa kwetu yanaelekea, walianza upimaji wa moshi wa lazima mwaka 2025.

Najua mtasema: tukileta kipimo, tumeleta mradi mwingine wa rushwa barabarani. Hoja nzito, siipuuzi. Ndiyo maana kipimo kisifanyike barabarani. Kiwe kituoni, kitoe karatasi yenye tarakimu, na kianze na magari ya abiria na yale yaliyobadilishwa injini. Anayefeli apewe muda wa kutengeneza kabla ya faini.

Wakati tunasubiri wakubwa, wewe mwenye gari jilinde. Ukinunua injini, dai boksi lake, waya zake na sensa zake, vyote kutoka gari moja. Kabla hujamlipa fundi, gari lichomekwe mashine mbele yako, na taa ya cheki injini iwake ukifungua swichi, izime injini ikiunguruma. Masega yakitolewa, ni yako, ondoka nayo. Kisha nenda kabadilishe kadi.

Vinginevyo hujanunua injini. Umenunua nusu injini, na nusu ya pili tunaivuta sote puani.

Naomba kutoa hoja. Mafundi na madereva, semeni: nimekosea wapi?