Mgomba Si Taka ya Oktoba

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa mwezi wa Oktoba, migomba mingi ya mapambo hung'olewa katika bustani za Uingereza na kutupwa pamoja na maua yaliyonyauka. Ilinunuliwa mwezi wa Mei, ikastawi kiangazi kizima, ikatanua majani marefu kuliko mtu, wapita njia wakasimama kuitazama. Kisha baridi ya kwanza inapobisha hodi, mwenyewe hushika jembe na kuimaliza. Ukimwuliza sababu, atakwambia kwamba mgomba ni mmea wa nchi za joto, hauwezi kuvuka majira ya baridi, na mwakani atanunua mwingine. Nami nasema kwamba maneno hayo si ya kweli, na desturi hiyo ni ufujaji usio na udhuru.

Kwanza tutenganishe mambo. Wauza miche huita kila kitu mgomba, na ndani ya jina hilo moja ndimo makosa yanamoanzia. Mmea unaotupwa sana ni ule ambao wataalamu huuita Ensete ventricosum, hasa wenye majani mekundu ujulikanao kwa jina la 'Maurelii'. Huu ni mgomba mwitu wa kwetu Afrika. Huota nyanda za juu, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, hadi kusini mwa bara. Matunda yake yamejaa mbegu ngumu, hayaliwi kama ndizi. Lakini kusini mwa Ethiopia watu wapatao milioni 20 huutegemea kwa chakula: hukwangua shina na kuponda tunguu, wakavichachusha shimoni, kisha wakaoka mkate uitwao kocho. Msafiri wa Kiskoti James Bruce, aliyekuwa huko kati ya mwaka 1769 na 1772, aliueleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1790. Basi Ulaya haiwezi kusema kwamba mgeni huyu haijamzoea.

Mkulima wa Ethiopia huufanyia nini mmea huu? Huung'oa na kuupanda mahali pengine mara kadhaa katika maisha yake, kila mara akiupa nafasi zaidi, mpaka ufike umri wa kuvunwa baada ya miaka mingi. Akiba yake umeiweka katika shina na tunguu, kwa hiyo huvumilia ukame bila kufa. Mmea uliozoea kung'olewa na kukaa kiu ndio huo huo tunaoambiwa kwamba ukitolewa ardhini Oktoba hauna budi kufa! Kung'olewa si kifo chake. Kinachouua ni sakitu ikigusa moyo wake, na maji yakituama ndani yake wakati wa baridi.

Kwa Uingereza, basi, kazi ni hii. Kabla ya sakitu ya kwanza, chimba mgomba pamoja na tunguu lake, punguza mizizi, kata majani yote usiache ila lile changa la katikati. Uusimamishe kichwa chini siku chache ili maji yachuruzike kutoka katika maganda ya shina. Kisha uuweke mahali pakavu pasipofika sakitu, penye ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10 hivi: gereji, stoo, au chumba kisichowashwa moto. Usiunyweshe. Kila baada ya majuma machache uukague, na ukiona palipooza, pakate mpaka ufike penye nyama ngumu. Mwezi wa Machi au Aprili upande katika chungu, uuweke penye mwanga na joto, uunyweshe kidogo kidogo. Usiutoe nje mpaka hatari ya sakitu ipite, yaani karibu na mwisho wa Mei.

Wapo watakaosema: "Nilijaribu, ukaoza." Nawaamini. Lakini ukiwauliza walivyofanya, mara nyingi utakuta wamefuata maagizo ya nchi ya mtu mwingine. Baridi si moja duniani. Johannesburg majira ya baridi ni makavu: mchana jua, usiku sakitu, mvua haba. Huko mgomba waweza kutupiwa kitambaa usiku, na majani yaliyoungua yakaachwa yafunike shina mpaka baridi ipite. Fanya hivyo Manchester, ambako mvua huandamana na baridi, nawe utakuwa umetengeneza gunia la uozo. Chicago ardhi yenyewe huganda. Tarehe 20 Januari 1985 kipimo kilishuka hadi karibu nyuzi 33 chini ya sifuri. Huko kitambaa hakisaidii kitu, mgomba mwitu hauna budi kuingia ndani. Lakini vyumba vya chini ya nyumba zao mara nyingi vina joto la tanuri, na mgomba ukikaa gizani penye joto huamka kabla ya wakati, ukatoa majani meupe na kula akiba yake yote. Kwa hiyo mtu wa Chicago atafute kona ya chumba iliyo baridi zaidi, na mtu wa Manchester atafute iliyo kavu zaidi. Mmea ni mmoja, maadui ni wawili.

Tena upo mgomba wa pili, Musa basjoo, ambao huitwa wa Kijapani ingawa asili yake ni kusini mwa China. Mshairi Matsuo Basho, aliyefariki mwaka 1694, alijiita kwa jina la mmea huo baada ya kupandiwa mmoja kando ya kibanda chake. Huu hauhitaji kung'olewa. Majani yake hufa kwa sakitu, na shina hufa kwa baridi kali, lakini tunguu lililofunikwa vizuri ardhini huhimili nyuzi 10 chini ya sifuri na kuchipua tena. London huzungushiwa wavu wa waya uliojazwa mabua makavu, ukaezekwa juu ili mvua isiingie, ubavuni ukaachwa upate hewa. Pwani ya Cornwall, ambako bahari hupunguza baridi, mara nyingi hata hayo hayahitajiki. Chicago shina hukatwa, na juu ya tunguu likalundikwa tuta nene la majani makavu. Anayeufunga kwa nailoni toka chini hadi juu huufungia unyevu ndani, kisha akalaumu baridi.

Nimeona miche ya aina zote mbili juu ya meza moja dukani, imebandikwa karatasi zenye maneno yale yale: linda na baridi. Linda vipi? Baridi ipi? Maneno matatu kama hayo hayamfundishi mtu kitu, ila humhakikishia muuza duka kwamba mteja wake atarudi Mei ijayo.

Hoja ya gharama nimeisikia pia. Wanasema kupasha moto banda la kioo miezi mitano kwa ajili ya mgomba mmoja ni upumbavu. Hapo nakubaliana nao kabisa. Lakini mgomba uliolala kavu hauhitaji moto wala taa. Unahitaji nafasi ya mtu mmoja aliyesimama, na jicho la mwenyewe mara moja moja. Asiye na stoo ana jirani mwenye gereji.

Hoja ya mwisho ndiyo inayoniudhi, yaani kwamba hili ni pambo tu, na pambo lina wakati wake. Mimi ni mtu wa Bukoba, ambako nyumba husimama katikati ya migomba. Kwetu mgomba hukatwa ukishazaa, na hata hapo huwa umeacha wana kando yake, shamba halibaki tupu. Mgomba mwitu hauna bahati hiyo. Kwa kawaida hautoi machipukizi. Huchanua mara moja tu baada ya miaka mingi, ukazaa mbegu, ukafa. Anayeutupa ukiwa na miezi sita hautupi mkungu wala jani, anautupa mti mzima pamoja na uzao wake. Siwezi kuita jambo hilo kilimo cha bustani. Ni kukodi uzuri na kumnyonga mwenye nao.

Mgomba hauombi mengi: ukavu, ubaridi wa kiasi, na bwana anayeijua baridi ya kwake. Asiyeweza kuupa hayo asiununue. Anunue maua ya msimu, ambayo Mungu ameyaumba yamalize maisha yake katika miezi michache, na ambayo hayamdai mtu zaidi ya hiyo.