Kadi ya Kompyuta ya Msikiti na Dhana Yetu



Ndugu wasomaji, wiki hii naomba radhi kwa kuwaingiza katika habari za bisibisi na vumbi. Kompyuta ya msikiti wetu, ambayo hutumika kuhariri darsa na khutba zilizorekodiwa, ilianza kuzimika yenyewe. Kazi ikifika katikati, feni huvuma kama mashine ya kusaga, kisha kioo huwa cheusi. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika chache akatoa hukumu: kadi ya grafiki, yaani ile inayoshughulikia picha na video, imeungua kwa sababu ya michezo ya kompyuta ichezwayo usiku kucha, inunuliwe nyingine kwa shilingi 600,000.

Maneno hayo yalimwelekea mtu. Kijana wetu mhariri ana miaka 19, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba, na hupenda kubaki baada ya Isha. Kamati ilimwita, naye akakana. Mimi katibu nikaandika katika muhtasari kwamba "ameonywa", ilhali juma lile lile nilikuwa nimesomesha aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Kijana akarudisha ufunguo, akaacha kuja.

Aliyetuzuia kutoa fedha za waumini ni mweka hazina, mzee aliyetengeneza majokofu kwa miaka mingi. "Ustadh, kilichoungua huwaka tena?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Tukaiwasha pamoja, tukafungua programu inayoonyesha joto la kadi. Ikiwa imetulia ilisoma nyuzi 60 za sentigredi. Tulipoanza kuhariri video, ikaruka hadi 94 kabla ya dakika kwisha. Mzee akaamuru izimwe na uchomolewe waya wa umeme, kisha akagusa lile bamba la chuma lenye mapezi, ambalo mafundi huliita hitisinki na ambalo kazi yake ni kulipokea joto la chipu na kuliachia hewani. Lilikuwa vuguvugu tu.

"Moto upo ndani, nje haufiki," akasema. "Sufuria haikukaa sawa juu ya jiko."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kadi iliyozidiwa na joto hujilinda: hupunguza kasi, na ikishindwa hujizima. Kule kuzimika hakukuwa ushahidi wa kuungua, seuze wa michezo. Kuhariri video peke yake kwatosha kuifanyisha kadi kazi nzito.

Tuliichomoa kadi, tukalegeza skrubu nne zinazoizunguka chipu, kila moja kidogo kidogo, kisha tukalizungusha bamba taratibu hadi likaachia, pasipo kulivuta kwa nguvu. Tukachomoa na waya wa feni. Tulichokiona hakikuhitaji elimu kubwa. Pesti ya kupitishia joto ilikuwa imerundikana nene upande mmoja wa chipu, na upande wa pili imekauka bila hata alama ya kuguswa na bamba. Mwaka uliopita kadi ile ilikuwa imetengenezwa, na aliyeitengeneza alibadilisha zile pedi laini zinazowekwa juu ya chipu ndogo za kumbukumbu. Za awali zilikuwa na unene wa milimita 1. Yeye aliweka za milimita 2. Kwa hiyo bamba likakaa juu ya pedi, na chipu kuu ikabaki chini yake karibu peke yake, ikitegemea rundo la pesti. Nayo pesti ni ya kuziba nafasi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Haipitishi joto kama shaba, na kuizidisha hakuleti ubaridi.

Pedi za unene sahihi na pesti mpya tulizipata Kariakoo kwa shilingi 38,000. Chipu tuliisafisha kwa spiriti ya duka la dawa (mjumbe mmoja alitaka kujua spiriti inaingiaje msikitini, hilo nilimwachia imamu). Tukaweka pesti kidogo katikati, tukalirudisha bamba na kukaza skrubu kwa mshazari, ya pembe hii kisha ya pembe iliyoikabili, ili lishuke sawasawa. Vumbi la mazulia nalo tulilipuliza. Baada ya nusu saa ya kuhariri, joto lilisimama kwenye 72.

Wazazi wenye kompyuta za namna hii majumbani, kama kadi bado ina dhamana ya duka, msiifungue; irudisheni ilikonunuliwa. Na muulize kwanza imeguswa na nani kabla ya kumuuliza mtoto amecheza nini.

Muhtasari ule ulikuwa umesomwa mbele ya kamati nzima, basi na masahihisho yake yalisomwa mbele ya kamati ile ile, nikataja kwamba kosa la kuandika lilikuwa langu. Kisha mimi na mzee tulikwenda nyumbani kwa kijana. Mama yake alitukaribisha chai, hakusema mengi. Nikaomba radhi. Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Sasa inasoma ngapi?"

Nikamwambia 72. Akasema atafikiri. Ufunguo aliufuata Jumamosi, baada ya Alasiri.