Michoro ya Umma Isipunguzwe Ovyo

Malori ya mizigo yanayopita katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia hupimwa uzito katika mizani ya Makambako. Lori likionekana limezidi, dereva huamriwa kupunguza mzigo. Lakini hakuna mwenye mali atakayemwachia mpita njia alichukue lori hilo, aende nalo nyuma ya ukuta, ashushe apendavyo, kisha alirudishe na kusema, "Sasa ni jepesi." Mwenye mali atataka kujua kilichoshushwa ni kitu gani, kimewekwa wapi, na ni nani aliyekishika.

Kanuni hiyo, ambayo kila mtu anaikubali kwa magunia ya viazi na mbao za Njombe, husahauliwa na baadhi ya watumishi inapofika zamu ya michoro ya majengo, barabara na mabomba ya maji ya umma.

Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, michoro ya kazi ilichorwa kwa mkono juu ya karatasi. Siku hizi mhandisi wa halmashauri huchora kwa kompyuta, na mchoro wake ni faili. Faili hilo huweza kuwa zito kupita kiasi. Ndani yake hubaki vipande vilivyonakiliwa kutoka michoro ya zamani, matabaka ya mistari yasiyotumika tena, picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, na maelfu ya nukta za vipimo ambazo mjenzi hana haja nazo. Mchoro wa darasa moja huweza kubeba takataka za majengo kumi.

Uzito huo una gharama. Vijiji vingi vya milima ya Njombe vina mtandao dhaifu, na mwalimu mkuu anayesimamia ujenzi mara nyingi hupokea mchoro kwa simu yake mwenyewe, kwa kifurushi alichokinunua kutoka mfukoni mwake. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma nao umekuwa ukipitia mfumo wa kompyuta wa NeST, ambamo nyaraka za zabuni hupakiwa badala ya kupelekwa mkononi. Faili zito huchelewesha kazi, na kazi ikichelewa wanaoumia ni wananchi.

Ndipo zinapoingia zana za watu wengine, yaani zile ambazo hazikutengenezwa na kampuni ya programu ya kuchorea, wala si mali ya ofisi yenye mchoro. Nyingine husimikwa katika kompyuta na kufanya kazi humo humo. Nyingine ziko katika mtandao: mtumishi hupeleka faili, husubiri dakika chache, na kurudishiwa faili jepesi bila ya kulipa hata senti moja.

Haifai kuzilaani zana hizo zote kwa pamoja. Zipo zilizo nzuri, zinazosafisha mamia ya michoro kwa mara moja, kazi ambayo ingemchukua mchoraji siku nyingi. Zinaokoa muda, zinaokoa fedha, na zinamwezesha fundi wa kijijini kuuona mchoro siku ile ile ulipotolewa. Hizo ni faida za kweli. Lakini hatari zake nazo ni za kweli, na ni mbili.

Hatari ya kwanza ni mchoro kurudi ukiwa umebadilika bila ya mtu kujua. Kufungasha faili kama mtu anavyofunga mzigo kwa kamba hakuondoi kitu. Likifunguliwa, kila kitu kimo. Lakini zana nyingine hazifungashi, bali hukata. Huunganisha matabaka, hupunguza usahihi wa vipimo, na hutupa vipande ambavyo kwa hukumu ya mashine havihitajiki.

Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua jambo la kutisha katika nakala za ramani ya jengo zilizotolewa na mashine za Xerox. Chumba cha mita za mraba 21.11 kilikuwa kimeandikwa katika nakala kuwa ni cha mita za mraba 14.13, ambazo zilikuwa namba za chumba kingine. Mashine, katika kupunguza ukubwa wa picha, ilikuwa imelinganisha vipande vya maandishi, ikaviona vinafanana, ikaweka kimoja mahali pa kingine. Kampuni ililazimika kutoa marekebisho ya programu yake. Hatari kubwa ilikuwa kwamba namba za uongo zilionekana safi na kusomeka vizuri. Doa la wino humfanya msomaji ashituke; namba safi humfanya aamini.

Jambo hili linawahusu walimu moja kwa moja. Mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za kujenga madarasa 15,000 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na mengi yalijengwa na mafundi wa mahali chini ya usimamizi wa shule zenyewe. Katika utaratibu wa namna hiyo, mwalimu mkuu na kamati ya shule ndio wanaoushika mchoro. Kama tabaka linaloonyesha nondo za lenta limetupwa, au nondo ya milimita 12 imesomeka 10, fundi atajenga kama alivyosoma. Wala kosa halitaonekana siku ya kukabidhi jengo. Litaonekana ukuta utakapopasuka, watoto wakiwa ndani.

Hatari ya pili ni kukabidhi mali ya umma kwa mtu asiyejulikana. Faili linalopelekwa katika mtandao wa bure hukaa katika kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi katika nchi nyingine, na mtumishi aliyelipeleka hana njia ya kuhakikisha kwamba limefutwa. Mwaka 2012 kirusi kilichoitwa ACAD/Medre kiligunduliwa kikiiba maelfu ya michoro, hasa nchini Peru, na kuituma kwa barua pepe katika anwani zilizokuwa China. Kirusi hicho hakikuwa zana ya kupunguza faili, lakini kilidhihirisha kwamba wapo watu wanaoitafuta michoro ya wengine. Mchoro wa mtambo wa maji, wa kituo cha umeme au wa gereza si karatasi ya kuchezea. Na mchoro wa viwanja wenye majina ya wamiliki ni taarifa za watu binafsi, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziwekea masharti, pamoja na masharti ya kuzipeleka nje ya nchi.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni rahisi kwa watu wa mijini, na kwamba mtumishi wa kata hana mtaalamu wa kumwuliza wala muda wa kusubiri. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Sehemu kubwa ya takataka za mchoro huweza kuondolewa na mchoraji mwenyewe, katika programu ile ile aliyochorea. Katika AutoCAD, kwa mfano, amri ya PURGE huondoa visivyotumika, na amri ya AUDIT hukagua makosa ya faili. Picha za angani huweza kutengwa katika faili lao. Na mtu wa kusoma tu, kama mwalimu au fundi, hana haja ya kupewa faili la kuchorea. Yafaa apewe nakala ya PDF, iliyotolewa na mhandisi mwenyewe na kukaguliwa naye.

Kwa hiyo halmashauri za Njombe na Makambako, na nyingine zote nchini, hazina budi kuweka utaratibu ulio wazi. Mchoro wa asili uhifadhiwe bila ya kuguswa. Zana ya nje itakayotumika iwe imekubaliwa na ofisi ya TEHAMA, na ifanye kazi ndani ya kompyuta za ofisi. Mchoro uliopunguzwa ulinganishwe na ule wa asili, kipimo kwa kipimo, na mhandisi atakayetia sahihi kabla haujatoka. Mhandisi aliyesajiliwa hutia muhuri wake kwa sababu anawajibika. Hawezi kuwajibika kwa mchoro uliorudi kutoka kwa mtu asiyemjua.

Walimu nao wana wajibu wao. Mwalimu mkuu akiona mchoro usio na vipimo, au vipimo visivyolingana na makadirio ya vifaa, asione haya kuuliza, wala fundi asiruhusiwe kukisia. Simu moja kwa mhandisi ni rahisi kuliko kubomoa ukuta.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kujitegemea, na kujitegemea hakukuwa na maana ya kukataa chombo cha mgeni. TAZARA yenyewe ilijengwa kwa msaada wa China. Maana yake ilikuwa kwamba mwenye nyumba abaki kuwa mwenye nyumba. Faili la mchoro lipunguzwe, na kazi iende haraka, lakini anayelipunguza awe ni mtu anayejua alichokiondoa na atakayekuwapo kulijibia jengo.