Beki Naye Apewe Haki Yake

Wanafunzi wenzangu, mpirani kila mtu ati anataka namba tisa au kumi. Ubeki huachiwa asiyejua kupiga chenga. Hilo nalipinga, na shahidi wangu ni Franco Baresi, Mwitaliano wa AC Milan. Timu yake ilishushwa daraja mwaka wa 1980, ikashuka tena 1982, lakini hakuihama. Alistaafu 1997 akiwa ametwaa ligi mara 6.

Katika Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani aliumia goti wakicheza na Norwe, akapasuliwa. Hata mwezi haukuisha, huyo uwanjani, fainali na Brazili! Romario na Bebeto waliambulia patupu dakika zote 120 (Maldini naye alikuwepo, simnyimi sifa). Zikaja penalti. Baresi akapiga ya kwanza, juu! Italia ikashindwa 3-2.

Basi wengi wakimtaja hukumbuka mkwaju ule tu. Mshambuliaji hukosa mabao matano, akifunga moja anabebwa mabegani. Beki huzuia yote, akikosa moja anazomewa. Hiyo ni haki gani? Afadhali Milan: alipostaafu, jezi namba sita waliiweka kando, asiivae mwingine.