BWANA SHAMBA ANAELEZA: Neno "by" na fedha yako



Mwezi huu sisemi juu ya mbolea wala palizi. Nasema juu ya neno moja la Kiingereza. Neno hilo lina herufi mbili tu. Linaandikwa "by" na linatamkwa "bai". Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, utalikuta kwenye pakiti za mbegu, kwenye chupa za dawa na kwenye maturubai. Ni neno dogo, lakini linaweza kukupa hasara kubwa. Nitakueleza jinsi lilivyotupa hasara sisi.

Kosa langu

Katika darasa letu la kisomo niliwafundisha watu kusoma pakiti za pembejeo. Niliwaambia hivi: "Mkiona neno 'by', maana yake ni 'na'. Mbele yake mtaona jina la aliyetengeneza." Wote waliandika katika madaftari yao. Niliridhika, nikafunga somo.

Baadaye kikundi cha akina mama kilichanga fedha za mbegu za nyanya. Walimtuma mama mmoja, mwanakisomo hodari. Alipanda basi, akashuka Gerezani, akaingia duka moja la pembejeo. Akachukua pakiti, akaisoma kama nilivyomfundisha. Aliona "use by", na mbele yake tarakimu. Akajiambia, "Bwana Shamba alisema mbele ya 'by' yupo mtengenezaji. Basi hii ni namba ya kiwanda."

Mwenye duka akamwambia, "Chukua mama, mbegu safi hizi. Nakupunguzia na bei."

Alinunua pakiti 10. Tulitengeneza vitalu, tukasia, tukamwagilia asubuhi na jioni. Siku 14 zikapita. Miche iliyoota ungeweza kuihesabu kwa vidole vya mikono miwili. Nilipoiomba pakiti nikaona mara moja. Zile tarakimu zilikuwa tarehe, na tarehe yenyewe ilikwisha kupita zaidi ya mwaka. Mbegu zilikuwa zimechakaa.

Mama yule alilia mbele ya wenzake. Nilisimama nikawaambia ukweli: "Msimlaumu mwenzenu. Alisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyefundisha nusu ya somo." Leo namaliza nusu iliyobaki.

Maana nne za neno "by"

Ili kujua maana yake, tazama neno linalofuata.

1. Likifuatwa na jina la mtu au kampuni, maana yake ni "na". "Made by" ni "imetengenezwa na". "Packed by" ni "imefungashwa na". Kwa mfano, jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Hiyo "na" kabla ya jina lake, Mwingereza ataiandika "by".

2. Likifuatwa na tarehe, maana yake ni mwisho wa muda. "Use by" ni "tumia kabla tarehe hii haijapita". "Sow by" kwenye pakiti ya mbegu ni "panda kabla tarehe hii haijapita". Kwetu tarehe huanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Kwa hiyo 03/04/2026 ni tarehe 3 mwezi wa 4. Ukiona mwezi na mwaka tu, kwa kawaida mwisho ni siku ya mwisho ya mwezi huo. Tahadhari: pakiti moja huweza kuwa na tarehe mbili. Moja ni ya kutengenezwa, nyingine ni ya mwisho. Tazama ile ya mbele zaidi, hiyo ndiyo ya mwisho.

3. Likiwa katikati ya namba mbili, maana yake ni "kwa", yaani upana kwa urefu. Hapa Kariakoo wamelifanya neno lao kabisa. Utasikia "sita bai sita" kwenye vyandarua na "tuu bai foo" kwenye mbao. Uliza daima, ni kipimo gani? Kitanda cha 5 kwa 6 ni futi. Mbao ya 2 kwa 4 ni inchi. Turubai la kuanikia mahindi huweza kuwa futi au mita. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24. La futi 4 kwa 6 halifiki hata mita za mraba 3. Namba ni zilezile, lakini mahindi yako hayataenea.

4. Likifuatwa na jina la kipimo, maana yake pia ni "kwa". "By weight" ni "kwa uzito". Hapa ndipo fedha ya mkulima inapopotea zaidi.

Kwa gunia au kwa kilo?

Tuseme mlanguzi anakuja shambani. Anasema, "Nanunua shilingi 60,000 kwa gunia." Wewe unafikiri ni gunia la kilo 100, yaani shilingi 600 kwa kilo. Yeye anatoa gunia, analijaza, analiongezea kilemba juu, analishona kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Ukiipima utaona labda kilo 130. Kilo 30 umempa bure. Kwa shilingi 600 kila kilo, umepoteza shilingi 18,000 kwa gunia moja. Ukiuza magunia 10, umepoteza shilingi 180,000. Hiyo ni ada na sare za mtoto.

Mazao hayo yakifika mjini, mwenye duka anayauza kwa kilo, tena kwa mizani. Kwa nini mzani uwepo Kariakoo tu, usiwepo shambani? Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi. Nunueni mzani mmoja wa kikundi. Mtu akikwambia "kwa gunia", mjibu, "Ndugu, sisi tunauza kwa kilo."

Tusiliogope neno la kigeni

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Kiingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi mahali hapo. Waliitwa "Carrier Corps". Watu wa mji walilitamka neno kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Sasa ni letu. Na hili "by" tulifanye letu, litutumikie.

Ukiwa dukani na hujui, usione haya kuuliza. Mwambie mwenye duka, "Nionyeshe tarehe ya mwisho." Bei ikipunguzwa bila kuombwa, soma pakiti mara mbili. Dai risiti, uitunze. Mama yule hakuwa na risiti, kwa hiyo hatukuwa na la kudai.

Msimu uliofuata tulimtuma tena mama yuleyule. Alirudi na mbegu, akaniwekea pakiti mkononi. Alisema, "Bwana Shamba, leo isome wewe, nikusahihishe." Tarehe ilikuwa bado. Nyanya ziliota.

Maswali ya kujipima

1. "Packed by" na "use by" zina tofauti gani?
2. Pakiti imeandikwa "use by 30/06/2025". Je, leo utainunua?
3. Turubai la mita 5 kwa 6 lina mita za mraba ngapi?
4. Kijijini kwenu mnauza kwa gunia au kwa kilo? Jadilianeni darasani.

Wasalaam,
Bwana Shamba wenu