Jina la Mtambo Lisifichwe

Ndugu Wafanyi Kazi,

Tarehe 10 Machi 2019 eropleni ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Haikufika. Watu 157 walikufa, na 32 kati yao ni Wakenya wenzetu. Hatutanyamaza juu ya jambo hili.

Eropleni za siku hizi zimejaa mitambo ya elektroniki, ya kuonyesha njia, ya kusema na watu walio chini, na ya kuongoza ndege bila mkono wa rubani. Wataalamu huiita yote avioniki. Katika ndege hiyo Boeing waliongeza programu ya kompyuta iitwayo MCAS. Kazi yake ni kushusha pua ya ndege kompyuta ikidhani imeinuka mno. Lakini ilisikiliza kipimo kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili! Kipimo kilipodanganya, pua ilisukumwa chini. Rubani alipovuta juu, ilisukumwa tena.

Je, rubani alielezwa? Hata kidogo. Kitabu chake hakikumweleza. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini kule Indonesia, wakafa watu 189. Ndipo marubani walipotajiwa MCAS. Tena mtambo ulikuwa haujarekebishwa, na ndege zikaachwa ziruke mpaka msiba wa pili.

Kisa ni fedha. Kuueleza mtambo mpya kungeweza kuleta mafunzo mapya, na mafunzo ni gharama. Januari 2021 Boeing walikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika mashtaka ya kuwadanganya wakaguzi wa serikali ya Marekani juu ya MCAS hiyo hiyo.

Wako wanaosema mfanyi kazi hana haja ya majina ya kitaalamu, na afanye kazi tu. Twawajibu: asiyejua jina la mtambo hawezi kuuliza habari zake, wala kuukataa.

Kwa hiyo twadai kila mtambo mpya, wa ndegeni au wa kiwandani, uandikwe kitabuni jina lake, kazi yake na namna ya kuuzima, kwa lugha aisomayo mwenye kuushika. Na wewe ndugu, ukiletewa mtambo usioelezwa, uliza. Usipojibiwa, njoo chamani tuulize pamoja.

Umoja ni Nguvu.