Kadi Ikinyamaza, Tusimpe Haki Anayebisha Zaidi

Leo hatuna mapishi wala mishono. Tunazungumzia mchezo wa watoto, na kosa tulilomfanyia binti yetu ndani yake.

Sisi ni ndugu wawili, nyumba moja, na watoto wetu wanacheza pamoja. Mjomba wao aliporudi kutoka Uingereza aliwaletea sanduku la HeroQuest, mchezo wa ubao ulioanza huko mwaka 1989 na sasa umetolewa upya. Mmoja anakuwa Zargon, mwenye mazimwi na ramani ya siri. Wengine ni mashujaa wanaoingia mapangoni.

Tunajua swali la kwanza. Mchezo una dadu, na kadi zake zinaitwa za uchawi. Wapo masheikh wanaokataza mchezo wowote wa dadu, na nyumba inayowafuata hatubishani nayo. Kuhusu hilo la uchawi, tuliwaambia watoto kwamba kadi hizi ni hesabu tu: huyu anaongezewa, yule anapunguziwa. Ugomvi wetu ulitoka kwenye hesabu hiyo hiyo.

Binti yetu alikuwa Mchawi. Ndiye dhaifu kuliko wote: pointi nne za mwili, wakati shujaa mwenye upanga ana nane, na akishambulia anarusha dadu moja tu. Nguvu yake ni kadi, na kila kadi hutumika mara moja kwa safari nzima. Aliiweka kadi ya Usingizi mpaka lilipotokea zimwi la mabawa. Kadi inasema aliyelazwa hatembei, hapigi, wala hajikingi. Ila anaweza kuamka, papo hapo au zamu za mbele, kwa kurusha dadu nyekundu moja kwa kila pointi yake ya akili. Ikitoka sita, ameamka.

Zimwi lile lina akili nne. Dadu nyekundu sandukuni ni mbili, kwa hiyo kaka yake, aliyekuwa Zargon, alirusha mara mbili. Sita haikutoka. Shujaa wa upanga akalipiga, likapungua lakini halikufa. Hapo kaka mtu akaruka: "Mama, nani atalala na huku anapigwa?"

Tukacheka. Tukasema kweli, limeamka. Likamgeukia Mchawi na kumuua. Mtoto hakulia, alizikusanya kadi zake moja moja, akasema "Haya," akenda kulala saa mbili.

Usiku tuliisoma kadi tena. Haisemi popote kwamba kipigo kinaamsha. Kijana alisema jambo la akili kwa mambo ya dunia, lakini nguvu ya kadi ilishapimwa kwa njia nyengine. Zimwi dogo lenye akili moja lina nafasi moja kati ya sita ya kuamka kila linaporusha. Lile la mabawa, kwa dadu nne, lina nafasi kidogo zaidi ya nusu. Yaani zimwi linalostahili kadi hiyo ndilo linaloamka upesi. Ukiongeza na kipigo kiamshe, binti amebakiwa na nini? Karatasi. Na vipigo anavyopata shujaa kabla halijaamka ndiyo faida yote ya kulilaza.

Rai yetu ni kuwa kadi ikinyamaza, mtu aulize kwanza imepimwa kwa nini, si nani amesema kwa sauti kubwa. Na hukumu isitolewe mchezo umeshika moto, maana wakati huo kila mmoja anasoma anachokitaka. Sisi tulimpa kaka mtu haki kwa sababu alituchekesha. Mtoto wa kike alikaa kimya, tukadhani ameridhika. (Mangapi humu majumbani yanapita hivyo hivyo.)

Tulimwomba radhi asubuhi, mbele ya kaka yake. Tukanunua daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Neno likizua ubishi tunaliandika, na linatufunga na sisi wakubwa.

Daftari halimpendelei mtu. Juzi binti alitumia kadi ya kupita ukutani, akaishia ndani ya mwamba mtupu. Kadi inasema wazi kwamba anayeishia humo amenasa milele. Alituangalia kwa macho yale. Tulitaka kumhurumia, na Zargon naye alikuwa amenyamaza kama samaki huku akiiona ramani. Lakini hapo kadi haikunyamaza, akatoka mchezoni. Alinuna mpaka magharibi.

Safari iliyofuata Mchawi ndiye aliyechagua kwanza fungu la kadi, kama kawaida. Alichukua la maji, lenye Usingizi, kabla hatujamaliza kupanga ubao.